Kompyuta Iwake Unavyotaka: Somo la Kuandaa Linux kwenye Kompyuta ya Zamani



Familia nyingi zinazofika hapa Marekani hupewa kompyuta iliyokwisha kutumika. Ofisi fulani imenunua mpya, au watu wa ibada wamekusanya za zamani, nayo inafika nyumbani kwako ndani ya boksi bila maelezo. Unaiwasha, inachukua dakika nyingi kufunguka, kisha inaomba nenosiri la mtu usiyemjua. Au inafunguka, lakini ina Windows 10, ambayo tangu tarehe 14 Oktoba 2025 haipewi tena marekebisho ya usalama ya kawaida. Wengi huiweka chini ya kitanda na kurudi kwenye simu.

Usiiweke chini ya kitanda. Kwenye kompyuta hiyo ndiko mtoto atafanya kazi za shule, ndiko utaandika barua ya kuomba kazi, ndiko utasoma Kiingereza usiku, na ndiko utahifadhi nakala za hati za familia. Baada ya mwaka mmoja hapa, mkimbizi hutakiwa kuomba green card, na fomu zake ni taabu kuzijaza kwenye skrini ya simu. Kompyuta ya miaka kumi iliyopita inaweza kufanya kazi hizo zote vizuri ukiiwekea mfumo mwepesi na kuupanga kwa namna inayokufaa wewe.

Leo tutatumia mfumo uitwao Linux Mint. Ni wa bure, hauhitaji leseni, na unapokea marekebisho ya usalama. Somo lina sehemu sita. Soma lote mara moja kabla ya kugusa kitu, kisha urudi mwanzo na kufanya hatua moja moja.

Kwanza: kompyuta ni ya nani?

Swali hili linatangulia yote. Kompyuta uliyopewa iwe yako kabisa ndiyo unayoruhusiwa kuibadilisha. Kompyuta aliyokuja nayo mtoto kutoka shule, hata kama analala nayo, ni mali ya shule. Kompyuta ya kazini ni mali ya mwajiri. Hizo usiziguse, kwa sababu ukizifuta unaweza kudaiwa pesa. Kama huna hakika, muulize aliyekupa.

Jambo la pili: ndani yake mna nini? Kama umekuwa ukiitumia, hata kwa wiki mbili tu, huenda mna picha na hati zako. Baba mmoja katika darasa letu alibonyeza kitufe cha kufuta diski akidhani kinafuta mfumo wa zamani peke yake. Kumbe mle ndani alikuwa amehamishia picha za simu yake, na simu ile ilikuwa imekwisha kuharibika. Picha za harusi yake na za marehemu mama yake zilikwenda zote. Hatukuweza kuzirudisha.

Kwa hiyo, kabla ya yote, nakili picha, hati na video zako kwenye fleshi au diski ya pembeni. Kisha ifungue fleshi hiyo kwenye kompyuta nyingine na uhakikishe kwamba picha zinaonekana. Nakala ambayo hujaifungua ukaiona kwa macho, usiihesabu kuwa ni nakala.

Pili: picha mbili zenye jina moja

Ukisikia wataalamu wakizungumzia "picha" ya kuwashia kompyuta, wanaweza kumaanisha vitu viwili tofauti, na wanafunzi wetu huvichanganya sana.

Kitu cha kwanza tutakiita taswira ya mfumo. Hili ni faili moja kubwa ambalo jina lake huishia kwa herufi ISO. Ndani yake mfumo mzima umekunjwa, kama kitenge kilichokunjwa vizuri ndani ya mfuko. Ukiliandika faili hilo kwenye fleshi kwa njia sahihi, kompyuta inaweza kuwaka kutoka kwenye fleshi bila kutegemea diski yake.

Kitu cha pili ni picha ya kawaida, ile unayoiona kwa macho kompyuta inapowaka: nembo, rangi, au mandhari ya nyuma. Hii ni pambo. Ukiikosea hakuna kinachopotea. Taswira ya mfumo ukiikosea, kompyuta haitawaka.

Tunaanza na taswira, pambo litafuata baadaye.

Tatu: kuandaa fleshi ya kuwashia

Utahitaji fleshi ya GB 4 au zaidi. Chochote kilichomo kitafutika, kwa hiyo usitumie ile uliyohifadhia picha katika sehemu ya kwanza. Utahitaji pia kompyuta nyingine yenye intaneti. Maktaba nyingi za umma hapa Marekani zina kompyuta za bure, ila baadhi haziruhusu kuandika fleshi, basi uliza kwanza.

Hatua ya 1. Chagua toleo. Linux Mint inakuja kwa sura tatu: Cinnamon, MATE na Xfce. Kompyuta yako ikiwa na kumbukumbu ya GB 4 au pungufu, chukua Xfce, ndiyo nyepesi kuliko zote. Watengenezaji wanasema kiwango cha chini ni GB 2 za kumbukumbu na GB 20 za nafasi kwenye diski, lakini wanapendekeza GB 4 na GB 100. Matoleo ya 22 yanapewa marekebisho hadi mwaka 2029.

Hatua ya 2. Pakua faili la ISO kutoka tovuti rasmi ya Linux Mint peke yake. Usilichukue kwenye kiungo ulichotumiwa na mtu kwenye WhatsApp.

Hatua ya 3. Hakiki faili. Hatua hii watu huiruka, nasi tunakuomba usiiruke. Mwezi Februari 2016 wahalifu waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint na kwa muda wakaelekeza watu kupakua faili lililotiwa mlango wa siri. Asiyehakiki hawezi kujua kama amejiwekea mwizi nyumbani. Kila faili la ISO lina alama yake ndefu ya tarakimu na herufi, kama alama ya kidole. Kwenye kompyuta yenye Linux, fungua terminali, nenda kwenye folda yenye faili, na uandike:

sha256sum -b jina-la-faili.iso

Badala ya jina-la-faili andika jina halisi. Linganisha jibu na alama iliyochapishwa kwenye tovuti rasmi. Zikifanana herufi kwa herufi, endelea. Zikitofautiana hata herufi moja, futa faili na upakue upya.

Hatua ya 4. Andika taswira kwenye fleshi. Kulinakili faili kama unavyonakili wimbo hakutoshi. Tumia programu maalumu. Kwenye Windows kuna balenaEtcher na Rufus, zote za bure. Chagua faili la ISO, chagua fleshi, angalia mara mbili kwamba umechagua fleshi na si diski ya kompyuta, kisha anza. Subiri hadi mwisho.

Hatua ya 5. Zima kompyuta ya zamani, chomeka fleshi, iwashe, na papo hapo bonyeza mara kwa mara kitufe cha kuchagua mahali pa kuwakia. Kwenye Dell na Lenovo nyingi kitufe hicho ni F12. Kwenye HP nyingi ni F9, au Esc kwanza. Itatokea orodha fupi. Chagua fleshi.

Utaona Linux Mint inafunguka yote kutoka kwenye fleshi. Hapo bado hujagusa diski. Tumia nafasi hii kujaribu mambo matano: je, Wi-Fi inashika? Sauti inatoka? Kamera inaonyesha uso wako? Kibodi inaandika herufi sahihi? Skrini imekaa sawa? Kama yote ni mazuri, endelea. Kama Wi-Fi haishiki, zima tu, toa fleshi, na kompyuta itarudi ilivyokuwa.

Hatua ya 6. Bonyeza mara mbili alama iliyoandikwa "Install Linux Mint". Utaulizwa lugha, aina ya kibodi, namna ya kutumia diski, eneo unaloishi, na jina lako. Kwenye kibodi chagua ya Kiingereza cha Marekani, kwa kuwa ndiyo iliyochorwa kwenye vitufe vya kompyuta nyingi za hapa. Ukifika kwenye swali la diski na kuchagua kufuta yote, simama kidogo. Jiulize: nakala yangu iko wapi, na nimeifungua? Ukiwa na jibu, bonyeza.

Hapo pia unaweza kuchagua diski ifungwe kwa nenosiri, ili mwizi akiiba kompyuta asiweze kusoma hati zako. Tunaipendekeza kwa kila familia yenye hati za uhamiaji ndani. Lakini fahamu: ukilisahau nenosiri hilo, hakuna fundi atakayekufungulia. Liandike kwenye karatasi na uihifadhi pamoja na vyeti vya familia.

Nne: mipangilio inayogusa maisha

Sasa kompyuta ni yako. Fungua menyu, tafuta mipangilio ya mfumo, na uanze na haya manne.

Saa. Dada mmoja wa darasa letu alikuwa na usaili wa kazi kwa njia ya video. Kompyuta yake aliletewa na ndugu kutoka Nairobi, na saa yake ilikuwa bado ya Nairobi. Mwaliko ulikuwa wa saa tatu asubuhi ya Chicago, mwezi Januari. Kompyuta ikaugeuza na kumwonyesha 18:00, naye akasoma saa kumi na mbili jioni. Jioni alikaa tayari, amevaa vizuri, akingoja mtu ambaye alikuwa amemngoja asubuhi. Kazi ilikwenda kwa mwingine.

Ili lisikupate wewe, fungua mipangilio ya tarehe na saa, chagua mji wa eneo lako, na uache kompyuta ichukue saa kutoka kwenye mtandao. Unaweza pia kufanya hivyo kwenye terminali:

sudo timedatectl set-timezone America/Chicago

Weka America/New_York kama uko mashariki, America/Denver kama uko kwenye milima, na America/Los_Angeles kama uko pwani ya magharibi. Ukishachagua mji, kompyuta itajua yenyewe kubadili saa Jumapili ya pili ya Machi na Jumapili ya kwanza ya Novemba. Kwetu saa haibadiliki mwaka mzima, ndiyo maana watu wengi hushtuka. Chicago iko nyuma ya Nairobi kwa saa 9 wakati wa baridi na saa 8 wakati wa joto. Jambo jingine: kompyuta huhesabu saa kuanzia usiku wa manane, haijui hesabu yetu ya kuanzia jua linapochomoza. Ikiandika 9:00 AM, hiyo ni saa tatu yetu.

Tarehe. Mmarekani akiandika 03/04, anamaanisha tarehe 4 Machi. Wewe uliyesoma Kigoma, Bukavu au Mombasa utasoma tarehe 3 Aprili. Mwezi mzima wa tofauti! Kwenye mipangilio ya lugha utachagua lugha ya menyu, na pia namna ya kuandika tarehe, fedha na vipimo. Tunashauri namna hiyo iwe ya Marekani, ili tarehe za kompyuta zifanane na za barua unazopokea. Na wewe unapoandika tarehe kwa mkono, andika jina la mwezi. Hakuna atakayekosea "Machi 4".

Lugha. Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha, cha Kenya na cha Tanzania. Tusikudanganye, tafsiri yake haijakamilika, na menyu nyingi zitabaki kwa Kiingereza. Kwa wanaotoka Kongo au Burundi, Kifaransa kimetafsiriwa vizuri sana. Wapo wanaochagua Kiingereza makusudi ili wajifunze maneno ya kazini. Chagua kinachokufaa, maana unaweza kubadili wakati wowote. Hata ukiacha menyu kwa Kiingereza, unaweza kupata kikagua tahajia cha Kiswahili kwa kuandika, ukiwa na intaneti:

sudo apt install hunspell-sw

Baada ya hapo, ukiandika barua ya Kiswahili kwenye LibreOffice na kuiambia kuwa lugha ni Kiswahili, haitapigia mstari mwekundu kila neno. Kazi ya kuingiza lugha yetu kwenye programu huria haikuanza leo. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Na Ubuntu, mfumo ambao Linux Mint imejengwa juu yake, umechukua jina lake katika lugha za kusini mwa Afrika. Neno hilo ni ndugu wa neno letu "utu".

Watumiaji. Usiwaache watoto watumie akaunti yako. Fungua sehemu ya watumiaji, tengeneza akaunti ya kila mtoto, na uchague aina ya kawaida, siyo ya msimamizi. Mtoto ataweza kusoma, kuandika na kucheza, lakini hataweza kuweka au kufuta programu za mfumo bila nenosiri lako. Akiharibu mpangilio, ameharibu wa kwake. Barua zako za uhamiaji na za benki zinabaki upande wako.

Tano: bawabu wa mlangoni

Kabla Linux haijafunguka, kuna programu ndogo inayotangulia, iitwayo GRUB. Ifikirie kama bawabu. Inakuuliza: nifungue mlango upi? Kama una mfumo mmoja, mara nyingi hujificha na kufungua moja kwa moja. Kama una Linux na Windows pamoja, huonyesha orodha.

Mipangilio ya bawabu imeandikwa kwenye faili moja. Tutalibadilisha, lakini tunaanza kwa kutunza nakala ya zamani. Fungua terminali na uandike:

sudo cp /etc/default/grub /etc/default/grub.zamani

Neno sudo linamaanisha "fanya hili kwa mamlaka ya msimamizi". Utaombwa nenosiri. Unapoliandika hutaona herufi zenyewe kwenye skrini. Usiogope, kibodi ni nzima. Andika mpaka mwisho kisha bonyeza Enter.

Sasa fungua faili:

sudo nano /etc/default/grub

Tafuta mistari inayoanza na GRUB_TIMEOUT, uibadilishe iwe hivi:

GRUB_TIMEOUT_STYLE=menu
GRUB_TIMEOUT=5

Mstari wa kwanza unamwambia bawabu aonyeshe orodha. Wa pili unamwambia angoje sekunde 5. Usiweke nafasi kabla wala baada ya alama ya usawa, na ufuate herufi kubwa na ndogo kama zilivyo. Bonyeza Ctrl na O, kisha Enter kuhifadhi, halafu Ctrl na X kutoka. Mwisho, mjulishe bawabu kwamba amri zimebadilika:

sudo update-grub

Ukiona neno "done" mwishoni, kazi imekwisha. Ukiona kosa, rudisha nakala ya zamani na uanze tena:

sudo cp /etc/default/grub.zamani /etc/default/grub
sudo update-grub

Kwa nini tung'ang'anie sekunde 5 wakati kila mtu anataka kompyuta iwake upesi? Nami nilitaka hivyo. Nilificha orodha na kuweka sifuri kwenye kompyuta yangu mwenyewe, nikaona fahari inavyowaka haraka. Baada ya miezi michache yakaja marekebisho yenye kiini kipya cha Linux, na kiini hicho hakikupatana na skrini yangu. Ikawa nyeusi tii. Kiini cha zamani, kilichokuwa kikifanya kazi, kilikuwa bado kimo ndani, lakini nilikuwa nimefunga mlango wa kukifikia. Nilijaribu kumdaka bawabu kwa kitufe cha Esc mara nyingi bila kufanikiwa. Ilinibidi kutafuta fleshi ya kuwashia ili kurekebisha. Tangu siku ile siweki chini ya sekunde 3. Haraka haraka haina baraka, hata kwa bawabu.

Basi kumbuka hili: siku moja skrini ikiwa nyeusi baada ya marekebisho, iwashe upya, na kwenye orodha ya bawabu chagua mstari wa pili, "Advanced options". Humo utaona viini vya zamani. Chagua kinachofuata cha juu kabisa. Mara nyingi kompyuta itawaka, nawe utapata muda wa kuomba msaada bila hofu.

Njia nyingine ni hii. Kwenye orodha, bonyeza herufi e juu ya mstari wa kwanza. Utaona maandishi mengi. Tafuta maneno "quiet splash", yafute, kisha bonyeza F10. Kompyuta itawaka ikionyesha kila inachofanya, badala ya nembo. Itakaposimama, piga picha ya skrini kwa simu umwonyeshe anayekusaidia. Mabadiliko haya ni ya mara moja tu. Ukiwasha tena, yanarudi yalivyokuwa.

Sita: sasa pambo

Umefika kwenye sehemu wanayoipenda watoto. Bawabu anaweza kuwekewa picha nyuma yake. Chagua picha ya aina ya PNG au JPG yenye ukubwa sawa na skrini yako, kwa mfano 1366 kwa 768 au 1920 kwa 1080. Picha yenye giza kiasi inafaa zaidi, ili maandishi yasomeke. Ipe jina fupi lisilo na nafasi, iweke kwenye folda ya picha, kisha uinakili mahali bawabu anapoweza kuifikia:

sudo cp ~/Pictures/picha.png /boot/grub/

Fungua tena faili la bawabu kama tulivyofanya, na mwishoni uongeze mstari huu:

GRUB_BACKGROUND="/boot/grub/picha.png"

Hifadhi, toka, na uandike sudo update-grub. Zima na uwashe. Ziwa Tanganyika linaweza kukusalimu kila asubuhi.

Tahadhari moja. Picha hii huonekana kabla ya nenosiri lolote. Yeyote atakayeiwasha kompyuta, iwe maktabani, kwenye basi au baada ya kuiiba, ataiona. Kwa hiyo usiweke sura za watoto, jina la familia, wala picha ya ndugu aliyebaki mahali ambapo kujulikana kwake ni hatari. Mandhari, kanga, ua au bendera vinatosha. Picha za wapendwa ziweke kwenye mandhari ya ndani, baada ya nenosiri.

Picha ya dirisha la kuingilia, pale unapoandika nenosiri, hubadilishwa bila terminali. Kwenye mipangilio tafuta "Login Window", nawe utachagua picha kwa kubonyeza tu. Tahadhari ni ile ile.

Kabla hujafunga

Fungua programu iitwayo Timeshift, imo tayari ndani ya Linux Mint. Inapiga kumbukumbu ya mfumo wako ulivyo leo, ili ukiharibika kesho uurudishe. Ipange ifanye hivyo kila wiki. Lakini elewa mpaka wake: kwa kawaida Timeshift hutunza mfumo, haitunzi picha wala hati zako. Hizo endelea kuzinakili mwenyewe kwenye fleshi.

Ile fleshi ya kuwashia usiifute. Iandike "Mint" kwa kalamu na uiweke kwenye droo. Ndani yake kuna pia programu ya kurekebisha bawabu iitwayo Boot Repair, itakayokufaa siku mambo yakikwama.

Na mwisho, amri zinazoanza na sudo zina nguvu ya kufungua na nguvu ya kubomoa. Usiandike amri uliyotumiwa na mtu usiyemjua, hata kama amekupigia simu akisema kompyuta yako ina virusi na yeye ni wa kampuni kubwa. Kampuni hizo hazipigi simu majumbani kwa namna hiyo. Kata simu.

Zoezi la wiki

1. Fungua nakala ya picha zako kwenye kompyuta nyingine. Je, zote zinaonekana?
2. Linganisha saa ya kompyuta na ya simu yako. Zinatofautiana kwa dakika ngapi?
3. Tengeneza akaunti moja ya mtoto, uingie nayo, na ujaribu kuweka programu mpya. Kompyuta inakuambia nini?
4. Weka sekunde 5 kwa bawabu, uwashe upya, na uhesabu kwa sauti. Kisha ingia kwenye orodha ya viini vya zamani na uhesabu ni vingapi.

Ukikwama kwenye hatua yoyote, andika ulichokiona kwenye skrini au ukipige picha, uje na kompyuta yako kwenye darasa la Jumamosi. Njoo na fleshi yako, na kama unaye jirani ambaye kompyuta yake iko chini ya kitanda, mwambie aje nayo.